Jumapili za Kiabonyoru

Nilikwenda Nyamira nikiwa na miaka ishirini na mitano, nikitokea Singida, kuwauliza vijana wa nchi ya jirani kwa nini wamekaa nyumbani. Nilikuwa nasoma shahada ya pili. Mradi mmoja wa chuo ulihitaji mtu wa kukaa miezi minne upande wa Kenya, na wenzangu wengi waliogopa baridi. Mimi niliona picha za vilima vile, chai imeshuka mpaka bondeni na migomba imepanda mpaka kileleni, nikanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kusoma tangazo.

Kwetu ardhi imelala. Mgeni unamwona akiwa bado mbali, unapata muda wa kufagia na kuchemsha maji. Tangu utotoni nilikuwa na hamu ya mahali ambapo huwezi kuona kilicho mbele mpaka ukipande. Kwa hiyo kwenye ombi langu niliandika habari za ajira, elimu na matumaini ya vijana, na kwenye begi nikatia viatu vya kupandia milima ambavyo msimamizi wangu hakuwahi kuviona.

Nilipangiwa kukaa kwa mama mmoja mjane, si mbali na soko la Nyaramba. Alikuwa na shamba la chai nyuma ya nyumba, migomba mbele, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa kibandani kama mfungwa wa heshima. Alikuwa Msabato wa kweli; Ijumaa jioni jiko lilikuwa limeshapika chakula cha Jumamosi, na siku yenyewe hapakuwa na kuchuma majani wala kufua. Watoto wake wakubwa walikuwa wametawanyika mijini. Nyumbani alibaki binti yake wa mwisho, mwenye miaka ishirini na saba, na huyo ndiye ambaye mradi ulimchukua awe mkalimani wangu.

Asubuhi ya kwanza binti aliingia chumbani kwangu akasema, "Baba anakuita chai."

Niliganda. Nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba mwenye nyumba alifariki miaka mingi. Nilijifunga khanga vizuri, nikatoka taratibu, nikamkuta mama yuko peke yake mezani na birika. Nikaangalia kila kona. Binti alipoelewa ninachokitafuta alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, aliniambia, baba ni mama. Baba mzazi ni tata. Mama naye, aliposimuliwa, alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja, na tangu siku hiyo akawa anajitambulisha kwangu kwa Kiswahili chake kidogo: "Mimi ndio baba yako hapa."

Ndivyo nilivyoanza kugundua kwamba Kiswahili changu, nilichokuja nacho kifua mbele, hakikuwa na kazi kubwa kule. Sokoni walinijibu vizuri. Ofisini pia. Lakini nyumbani na mashambani ilikuwa Ekegusii tupu, na vijana wenyewe kwa wenyewe walizungumza Sheng ambayo nilishika neno moja kati ya matano. Walipenda kunisikiliza, hilo ni kweli. Kijana mmoja aliniambia, "Wewe unaongea kama redio. Unasikika poa, lakini huwezi kujibiwa."

Tulikutana na vijana katika chumba kimoja nyuma ya soko, Jumatatu mpaka Alhamisi. Wengi walikuwa wamemaliza kidato cha nne, wengine walikuwa na stashahada ya ualimu au ya umeme, na wote walikuwa wanangoja. Waliingia wakiwa wamevaa vizuri, kama wanaokuja kuhojiwa kazi. Hilo lilinisumbua tangu juma la kwanza. Nilikuwa na fomu ya ridhaa ambayo lazima isomwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa, na ndani yake kulikuwa na sentensi isemayo kwamba mshiriki hatapata faida ya moja kwa moja. Mwanamke mmoja kijana, fundi cherehani, aliisikiliza mpaka mwisho akauliza:

"Ukimaliza kutuuliza, wewe unapata digrii?"

"Ndiyo," nilisema.

"Na sisi?"

Nilirudia sentensi ya kwenye fomu. Binti akaitafsiri, na tafsiri ikawa ndefu mara tatu ya nilichosema, na watu wakatikisa vichwa kwa upole, wakachukua kalamu, wakatia sahihi. Tulipotoka nilimuuliza alikuwa amewaambia nini.

"Nimewaambia wewe ni mtoto wa watu, umetumwa, na hujui."



Huyo binti alikuwa mkimbiaji. Kila siku kabla jua halijatoka nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, halafu hatua zake zikipotea juu ya udongo uliolowa. Alikuwa akijiandaa kwa usajili wa askari. Alikuwa ameshajaribu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa ametoka kuugua malaria na hakumaliza mbio. Mara ya pili alifika mpaka hatua ya mwisho, watu wachache wakabaki, nafasi zikaisha kabla hawajamfikia. Mara ya tatu alipita mbio na vipimo vyote, lakini cheti chake kimoja kilikuwa na herufi tofauti katika jina, na mpaka kikarekebishwa siku ilikuwa imepita. Safari hii alikuwa amepanga karatasi zake zote ndani ya bahasha ya plastiki miezi mingi kabla. Mwakani umri wake ungekuwa umepita. Alinieleza hayo siku moja tukimenya ndizi za kupika, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani.

"Na ukikosa?" nilimuuliza. Nilikuwa nimezoea kuuliza maswali kama hayo kila siku, nikawa nasahau kwamba yanauma.

"Sikosi," alisema, akaendelea kumenya.

Jumamosi alipumzika kwa sababu ya Sabato. Jumapili ndiyo ilikuwa yetu. Nilimwomba anionyeshe vilima, naye akakubali kwa sababu kupanda kulimfaa miguu, na kwa sababu, nadhani, alinionea huruma. Jumapili ya kwanza tulikwenda Manga, tukasimama juu ya lile jabali refu na kuona nchi imeanguka chini yetu mpaka kule ambako hewa inakuwa ya buluu na mtu anakwambia lile ni ziwa. Jumapili nyingine tulifuata mito. Nyingine tulivuka upande wa Kisii mpaka Nyamarambe kwa jamaa yao mmoja, tukarudi na matumbo yamejaa.

Nilikuja nikitafuta pori, nikakuta hakuna pori. Kila kijia kinapita uani kwa mtu. Unatoka kwenye chai unaingia kwenye mahindi, unapita kati ya jiko na kamba ya nguo, unaamkia, unaendelea. Na watu hawakuelewa tunakwenda wapi. Mtu mzima aliyevaa viatu vizuri, anayepanda mlima bila mzigo, lazima ana jambo. Walituuliza kama ng'ombe wetu amepotea. Walituuliza msiba uko boma gani. Binti aliwajibu, "Ni mgeni, anatembea."

"Anatembea kwenda wapi?"

"Anatembea tu."

Wakanitazama kama unavyomtazama mtu aliyetoka hospitali juzi. Mama mmoja alinipa mkungu mdogo wa ndizi mbivu ili angalau nibebe kitu.

Nilikuwa na furaha siku hizo kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Nalisema kwa sababu ndilo linalonitia aibu. Jumatatu hadi Alhamisi nilirekodi watu wakieleza jinsi siku zao zilivyosimama, Ijumaa nikaandika, na Jumapili nikasimama juu ya kilele nikivuta hewa, nikaona vyote viwili vinakwenda pamoja vizuri. Nilimtumia msimamizi wangu picha. Alinijibu kwamba ninaonekana nimeenda fungate.

Usajili ulipotangazwa, zilikuwa zimebaki siku chache zaidi ya majuma mawili. Binti alipunguza maneno. Alikula vizuri, akalala mapema, akaongeza mbio za jioni. Jumapili ile, siku kumi na moja kabla, hakutaka kutoka. Mimi ndiye niliyesema twende Kiabonyoru. Ndiyo milima mirefu kuliko yote ya upande ule, ilikuwa ikinitazama kila nilipofungua dirisha, na miezi yangu ilikuwa inaisha.

"Tutakwenda polepole," nilimwambia. "Itakuwa kama kunyoosha miguu."

Alimtazama mama yake. Mama akasema kitu kifupi. Binti akacheka. "Anasema mgeni hanyimwi njia."

Tulipanda vizuri. Saa sita mchana tulikuwa juu, na upepo ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. Tulikula viazi vitamu tulivyobeba. Ng'ambo kidogo, baada ya bonde dogo, palikuwa na jiwe kubwa limetokeza nje ya miti, jiwe la aina ya kwetu Singida kabisa, mviringo na jeusi. Nilihisi kama nimemwona ndugu. Nikasema twende tuliguse.

Binti aliangalia mawingu. Kule mvua ina saa zake. Wenyeji wanazijua kama wanavyojua saa za kukamua ng'ombe.

"Dada, tushuke sasa," alisema. "Mvua inakuja, na hii si ya kuchezea."

"Dakika kumi tu."

"Hizo dakika kumi zako ni nusu saa."

"Basi nusu saa. Nikiondoka huku sirudi tena."

Aliangalia tena mawingu.  Alikuwa na sababu zote za kukataa na alikuwa na neno lenyewe mdomoni, lakini mimi nilikuwa mgeni wa mama yake, na pia, kusema kweli, ndiye niliyekuwa bosi wake. Akafunga kamba za raba zake akatangulia.

Tuliligusa jiwe. Nilipiga picha. Mvua ilitukuta hapohapo, na haikuwa maji peke yake, ilikuwa mvua ya mawe. Ilipiga majani ya chai chini yetu kwa kelele kama watu elfu wanaopepeta. Tulijibanza kando ya jiwe tukifunika vichwa kwa mikono. Ilipopungua, kijia tulichopandia kilikuwa mfereji wa matope mekundu yaliyochanganyika na barafu.

Yeye alikuwa mbele. Mimi na viatu vyangu vya milima niliteleza. Sikuteleza kidogo, nilikwenda kwa kiuno na mgongo kuelekea ukingo, ambako chini yake kulikuwa na korongo. Aligeuka akanidaka begi. Alikaza mguu wa kulia ili anizuie, na mguu huo ukaingia kwenye shimo la maji ambalo lilikuwa limefunikwa na majani, na uzito wangu wote ukamjia juu yake. Nilisikia kitu. Haikuwa sauti kubwa. Kama mtu amekunja chupa ya plastiki.

Niliinuka mzima. Hata goti halikuchubuka.

Yeye alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili, macho ameyafunga. Hakulia. Nilimwita, nikamwita tena, na aliposema, alisema neno moja tu.

"Alhamisi."

Ndiyo ilikuwa siku ya usajili.

Nilijaribu kumbeba mgongoni. Alikuwa mrefu kunishinda, mwili wake wote ni misuli, na mimi ni mtu wa kukaa na kuandika. Nilimwinua hatua sita, tukaanguka wote wawili. Nilipojaribu mara ya pili aliniambia kwa upole, "Dada, acha. Utaniua kabisa. Nenda uite watu."

Nikakimbia mpaka boma la kwanza. Palikuwa na bibi kizee amesimama mlangoni akitazama uharibifu wa mawe kwenye mboga zake. Nikaanza kumwaga Kiswahili: nimepata ajali, mwenzangu ameumia, naomba msaada, kuna watu wa kubeba? Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa Ekegusii, polepole, kwa huruma, na sikuelewa hata neno. Nikajaribu Kiingereza, ujinga mtupu. Nikapekua kichwani maneno yote niliyofundishwa kwa miezi mitatu, yakaja mawili tu. Nilisema "bwakire", ambayo ni habari ya asubuhi, na ilikuwa alasiri. Nikasema "omogeni", mgeni, nikajipiga kifua. Kisha nikaanza kuchechemea uani mwake, nikishika mguu wangu mzima, nikilia, nikinyoosha kidole mlimani.

Nilikuwa na cheti cha lugha. Nilikuwa nimesahihisha Kiswahili cha watu katika chumba kile nyuma ya soko.

Bibi kizee alielewa kuchechemea. Alipaza sauti mara moja kuelekea chini, na wanaume wawili wakatokea mashambani. Wao walijua Kiswahili. Walichukua kiti cha plastiki kutoka jikoni kwake, wakapanda nami, wakamkalisha binti, wakambeba kati yao wakishuka kwa miguu mitupu kwenye matope yale, mmoja mbele mmoja nyuma, wakizungumza naye ili asiwaze. Mimi nilifuata nimebeba raba yake moja. Hakuna kingine nilichoachiwa kubeba.

Katika kituo cha afya walipiga picha ya mguu. Hakukuwa na mfupa uliovunjika. Mishipa ya kifundo ilikuwa imeteguka vibaya. Daktari, kijana wa rika letu, alifunga bendeji akasema asikanyage kwa majuma matatu, na mbio azisahau kwa miezi. Binti alimwambia kuhusu Alhamisi. Daktari aliangalia karatasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maandishi.

"Pole sana, dada," alisema.

Tuliporudi, mama alikuwa ameshasikia. Habari kule hushuka mlima kabla ya watu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, nilitamani kugombezwa. Alimpokea binti yake, akamlaza, akaniletea mimi chai ya maziwa na nguo kavu. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, nikapiga magoti. Akaniinua.

"Inuka. Mguu iko na Mungu," alisema.

Siku zilizofuata hakubadilika. Kikombe changu kilikuja saa ileile. Aliniuliza kama nimelala vizuri. Nilikuwa nakaa mezani na ule wema wake kama mtu aliyekalia moto, sijui nifanye nini. Alimleta mama mmoja mkandaji, akamkanda binti kwa mafuta ya moto asubuhi na jioni, na kupitia ukutani nilisikia binti akivuta pumzi kwa meno. Nilimwandikia msimamizi wangu kumweleza yote. Alinijibu vizuri. Aliandika kwamba ni tukio la kusikitisha, kwamba liandikwe katika taarifa ya mradi, na kwamba niwe mwangalifu nisiingilie maisha ya jamii ninayoichunguza.

Jumatano ya juma la pili, jioni ya kuamkia usajili, binti alisimama. Alivaa raba, akavuta kamba mpaka mguu ukabadilika rangi, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mgomba wa kwanza na kurudi.

"Nitakwenda," alisema.

"Daktari amesema..."

"Nilisikia daktari. Wewe utakuja?"

Nilikwenda. Uwanja, mjini Nyamira, ulikuwa umejaa vijana tangu alfajiri, mamia, wengine niliwatambua kutoka chumba chetu cha nyuma ya soko. Walinipungia mkono. Kwa mara ya kwanza niliwaona wakiwa wamesimama na jambo la kufanya. Ndani waliingia waombaji peke yao. Sisi wengine, wazazi na wadogo zao, tulibaki nje ya uzio wa waya. Mama hakuja. Alisema ataomba akiwa nyumbani, miguu yake haitaki kuona.

Binti alipita mlango wa kwanza. Vyeti vyake vilikaguliwa vikarudishwa, safari hii kila herufi mahali pake. Urefu, sawa. Meno, sawa. Akatembea kwa namna ya kuficha, hatua fupi fupi, na kama hukujua usingejua. Kisha wakapangwa kwa mbio.

Mzunguko wa kwanza alikuwa katikati ya kundi. Nilishika waya kwa vidole vyote. Mwanaume mmoja kando yangu, baba wa mtu, aliniuliza, "Wako ni nani?" nikamwonyesha, akasema, "Huyo anakimbia vizuri." Mzunguko wa pili alikuwa nyuma ya kundi. Wa tatu alikuwa peke yake. Hakuanguka, ningependa kusema alianguka, ingekuwa rahisi kuangalia. Aliendelea tu kupungua, mpaka mbio zikawa mwendo, na mwendo ukawa kuchechemea kulekule nilikokuigiza mimi uani kwa bibi kizee. Wa mbele walimpita tena. Afisa mmoja alimwendea, akatembea naye bega kwa bega hatua chache, akimwambia kitu kwa sauti ya chini. Hakumsukuma, hakumfokea. Alimwonyesha njia ya kutokea kwa kiganja kilichofunguka.

Hapo nilikwenda mlangoni. Nilikuwa na barua yangu ya utambulisho kwenye begi, yenye mihuri miwili, barua iliyonifungulia ofisi zote za kaunti. Nilimpa askari wa zamu. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Hii inasema unafanya utafiti kuhusu vijana," alisema.

"Ndiyo. Yule dada pale, aliumia mguu kwa sababu yangu. Alikuwa ananishika nisianguke. Anaweza kukimbia kuliko hawa wote. Kama mngempa hata mwezi mmoja..."

"Umri wake?"

Nilimwambia.

Alikunja barua kwenye mikunjo yake ileile. Alikuwa mtu mzima, ana uso wa mtu ambaye ameshawaona wengi kama mimi. "Madam, mimi nakuelewa. Lakini sasa unataka mimi nifanye nini?"

  Maisha yangu yote ya shule nilifundishwa kuuliza, na mtu alipouliza swali la kweli, nilisimama mbele yake kama mlango usio na kitasa. Akanirudishia barua. "Mpeleke nyumbani," alisema. "Mguu huo usiguse maji baridi."

Tulirudi polepole. Karibu na nyumbani aliniomba tukae kidogo kwenye nyasi za kando ya njia, akalegeza kamba za raba, na hapo ndipo alipolia, si kwa muda mrefu, uso ameuelekeza kwenye chai. Nilimwekea mkono mgongoni. Nilisema, "Laiti nisingelitaja lile jiwe." Akajibu, "Ningeweza kukataa." Nikasema hapana, usingeweza. Akafikiri. "Ni kweli," alisema. "Nisingeweza."

Jumatatu alikuja kazini na fimbo. Nilimwambia apumzike, mradi utamlipa hivyo hivyo. Akasema afadhali kukaa chumba kile kuliko kukaa na mama anayepika kimya. Tukawa na washiriki sita siku hiyo. Kwenye dodoso langu swali la mwisho lilikuwa: Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Alikuwa ameshalitafsiri mara nyingi, kwa haraka, kama anayekariri. Safari hii alifika hapo, akafungua mdomo, akanyamaza. Washiriki walimngoja. Kinasa sauti kilikuwa kinakwenda. Ninao ukimya huo mpaka leo, sekunde nyingi sana za viti vinavyolia na jogoo wa mtu nje. Kisha akawageukia akauliza kitu kifupi, na majibu yaliyotoka hayakuhusu miaka mitano hata kidogo. Walizungumza habari za mawe yaliyopiga chai, ada ya mdogo wa mtu, harusi ya mwezi ujao.

"Umewauliza nini?" nilimwuliza baadaye.

"Nimewauliza kesho wanafanya nini."

Sikulirudisha swali langu tena. Kwenye tasnifu niliandika kwamba lilifutwa kwa sababu za kimbinu, na mtahini aliliona hilo jambo la busara.

Jumapili tatu zilizobaki sikutoka. Nilikwenda na mama kuchuma majani, yaliyosalia baada ya mawe, na nilikuwa mchumaji mbovu. Nilichuma yaliyokomaa pamoja na machanga, akawa anayachambua kutoka kapuni mwangu bila kusema neno. Siku ya kuondoka alinipa ndizi na unga wa wimbi, akaniombea kwa muda mrefu kwa lugha yake, na ndani ya sala nilisikia neno "omogeni" mara kadhaa.

Nilipata digrii. Sasa nafundisha, na wanafunzi wangu huniuliza namna ya kuchagua mahali pa utafiti. Huwaambia mambo ya sampuli.

Binti anafanya kazi katika duka la pembejeo huko Kiogoro, karibu na Kisii mjini, anauza mbegu na mbolea na dawa za kuku. Anasema ni kazi nzuri, wenye duka ni watu wa upande wa ziwani, hawana maneno. Mguu humuuma msimu wa mvua. Kukimbia aliacha. Hatuandikiani mara nyingi; yeye hutuma salamu za sikukuu, mimi hutuma maneno mengi mno, kisha nafuta nusu. Mwezi uliopita nilimpigia nikamwambia nina likizo, nafikiria kuja kuwasalimu.

"Karibu sana," alisema. Nyuma yake nilisikia mteja akiuliza bei ya mbegu za sukuma wiki. "Baba atafurahi. Lakini njoo siku ya kazi, si Jumapili, sawa? Siku ya kazi nitakuwa dukani, tutakaa, tutaongea."

Nikasema sawa. Bado sijakata tiketi.